Kadzo, usilipe kwanza

Kadzo wangu,

Vipi hapo Nyali, watoto hawajambo? Ile picha ya pupi uliyonitumia jana nimekaa nayo kweli, yale macho ya samawati mashaallah, naelewa mbona moyo umeenda. Lakini umeniuliza kama haski, mbwa wa nchi za baridi, atakufaa na siwezi kukujibu ndio ndio tu kisha ninyamaze.

Si wakumbuka nilivyoachiwa haski wa bosi wangu wiki tatu aliposafiri? Ilikuwa Machi, joto la kaskazi, upepo hakuna kabisa. Yule mbwa alikuwa ashinda kwenye vigae vya choo, tumbo chini ulimi nje, nikimwita anainua macho basi. Siku moja saa nane mchana stima ikapotea, feni zikazima, akaanza kuhema mpaka mbavu zinatetemeka, nikakaa naye hadi magharibi namlowesha miguu na tumbo huku namuomba Mungu asinifie mkononi. Mbwa hatoki jasho kama sisi Kadzo, anajipoza kwa kuhema, yale maji ya ulimi yakikauka ndio anapata baridi, sasa hewa yetu hii iliyojaa unyevu yatakauka saa ngapi? Na usiku usidhani ni nafuu, Machi hapa digrii 25 na bado watoka jasho. Manyoya yake ni tabaka mbili, Wachukchi wa Siberia ndio waliomfuga avute sleji, lile gari la kuteleza, kwenye theluji. Atakayekwambia umnyoe usimsikize, yale manyoya yanamkinga ngozi na jua pia, na yakinyolewa pengine hayarudi yalivyokuwa.

Ac najua unayo. Lakini wewe watoka saa kumi na mbili asubuhi warudi saa mbili usiku, kwa hivyo huyo mbwa atafungiwa chumbani siku nzima na tokeni za stima zinakatika, na hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko hata joto. Hawa ni mbwa wa kukimbia. Mwaka 1925 dondakoo ilipoingia Nome kule Alaska, dawa ilifikishwa na mbwa wa sleji kwa kupokezana, kama kilomita 1,085 kwa siku tano na nusu, kwenye baridi ya kuua. Damu ndio hiyo hiyo, na uwanja wako wenyewe ni wa gari moja. Akikosa kukimbia atachimba, ataruka ukuta, ataanza kulia ile sauti ndefu kama fisi, na majirani zako nyumba ukuta kwa ukuta. Kuku za mama mkwe usiseme, hao atawamaliza. Ulinzi pia hamna, huyu mgeni yeyote anamkaribisha, hata mwizi.

Ungekuwa kule kwenye baridi, Limuru au Nyahururu, na una mtu wa kumkimbiza kila alfajiri, ningekwambia sawa, fikiria. Hapa Mombasa, hapana, tena nakuomba.

Kama ni mbwa tu wataka, hapa Tudor nyuma ya kibanda cha mama wa mahamri kuna koko amezaa wanne, wiki ya sita sasa, washazoea jua hili tangu tumboni. Mmoja jike, masikio yamesimama, akiniona ananifuata hadi getini. Njoo Jumapili asubuhi umuone, nimeomba wanishikie, ila muuza samaki naye amtaka kwa hivyo niambie kabla ya Ijumaa.

Wako,
Mwaka