Barua ya wazi kwa kaka yangu aliyenitumia filamu za ziwa letu

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Ama baada ya salamu, flashi uliyoituma kwa treni ilinifikia salama, na filamu zote ulizoweka humo nimezitazama, nyingine kwa kurudia. Uliniomba nikueleze kwa maandishi nilivyoziona, kwa madai kwamba kwenye simu huwa naruka kutoka jambo moja hadi jingine kabla sijalimaliza la kwanza. Nimeona heri niandike waziwazi ili na ndugu zetu wengine wa Kigoma walio mbali wasome, maana filamu zote hizo zinadai kusimulia habari za huku kwetu, iwe ni Ziwa Tanganyika, Ujiji au Gombe. Nami nilizitazama kama mtu anayepitia albamu ya harusi aliyohudhuria, ambaye kabla ya kumsifu bibi harusi hutafuta kwanza ni nani ameachwa nje ya picha.

Nianze na The African Queen ya mwaka 1951, iliyoongozwa na John Huston, kwa kuwa ndiyo uliyoisifu kupita zote. Nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa. Humphrey Bogart ni Charlie Allnut, fundi mlevi mwenye boti chakavu ya mvuke, na Katharine Hepburn ni Rose Sayer, dada wa mmisionari wa Kiingereza katika Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914. Bogart alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, na mimi ningempa kwa onyesho moja tu la mwanzoni, pale wanapokaa kunywa chai na tumbo lake linaanza kunguruma. Mmisionari na dada yake wanaendelea na mazungumzo kana kwamba hawakusikia kitu, tumbo linanguruma tena, na Charlie anajaribu kulitetea kwa maneno, jambo linaloongeza aibu badala ya kuipunguza. Mtu yeyote aliyewahi kukaribishwa katika nyumba ya watu wenye adabu kuliko njaa yake ataelewa. Kuna pia pale anapotoka majini akiwa amegandwa na ruba mwili mzima, anatetemeka kwa kinyaa, ruba zinaondolewa, kisha anatambua kwamba boti haitasogea asiporudi mtoni kuivuta. Anarudi bila kusema neno. Nililipenda onyesho hilo kwa sababu ushujaa wake hauna hotuba.

Hata hivyo, kaka, mtazamaji wa Tanzania hawezi kukaa kimya mbele ya ramani ya filamu hiyo. Wahusika wanashuka Mto Ulanga, unaobadilika jina njiani na hatimaye kuwafikisha katika ziwa kubwa ambako meli ya kivita ya Wajerumani inafanya doria. Ulanga tunaoufahamu uko upande wa Mahenge na Ifakara, nao hupeleka maji yake Rufiji na kuishia Bahari ya Hindi. Mto wa kuwaleta kwetu ungekuwa Malagarasi. Halafu hakuna hata tone la maji ya Tanganyika katika filamu yenyewe, kwa kuwa ilipigwa Uganda na Kongo ya Wabelgiji, na sehemu nyingine ndani ya studio huko Uingereza. Sisemi kwamba jambo hilo linaiharibu. Nasema tu kwamba kila maji yalipojaa kwenye skrini nilijikuta nikitafuta milima ya Kongo ng'ambo, na sikuiona.

Kilichonisumbua zaidi ni meli. Katika filamu inaitwa Louisa, na watu wengi huihusisha na Graf von Götzen, ambayo sisi tumekua tukiiita Liemba. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa Reli ya Kati hadi Kigoma, ambako iliungwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza nao walileta boti zao mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town, wakazipitisha katika milima ya Katanga zikivutwa kwa matrekta ya mvuke, kwa ng'ombe, na kwa mikono ya vibarua wa Kiafrika waliofyeka njia na kujenga madaraja. Boti hizo ziliiteka Kingani na kuizamisha Hedwig von Wissmann, lakini Götzen hazikuiweza. Wajerumani wenyewe ndio walioizamisha Julai 1916 karibu na mdomo wa Malagarasi, walipoona Kigoma inawaponyoka, na kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka injini zake grisi nzito ili siku moja ziweze kufufuliwa. Zilifufuka kweli. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini.

Sasa linganisha na mwisho wa filamu, ambapo nahodha Mjerumani anawafungisha ndoa Charlie na Rose dakika chache kabla ya kuwanyonga, kisha meli inaligonga boti lililopinduka likiwa na mabomu puani na kulipuka. Nilicheka kwa furaha, sikatai. Lakini mlipuko ni kitu rahisi katika sinema. Mimi ningelipa kiingilio mara mbili kumwona fundi akiwa amejikunja ndani ya chumba cha injini, mikono imejaa grisi hadi viwikoni, akiihifadhi kwa uangalifu mashine ambayo baada ya saa chache itakuwa chini ya maji kwa amri ya wakubwa wake mwenyewe, huku vibarua waliobeba makasha yake kutoka stesheni wakitazama kutoka ufukweni wakijiuliza taabu yote ile ilikuwa ya nini. Filamu hiyo bado haijaja mikononi mwangu. Ukiisikia popote, usingoje treni.

Stanley and Livingstone, ya mwaka 1939, sitaikalia sana. Spencer Tracy ni Stanley na Cedric Hardwicke ni Livingstone. Baadhi ya picha za mandhari zilipigwa kweli Afrika Mashariki, lakini Tracy mwenyewe alibaki Marekani, na jicho linaushtukia mshono kati ya picha hizo na studio. Ujiji ya mwaka 1871 ilikuwa mji wa biashara wenye wafanyabiashara Waswahili na Waarabu, wenye soko, pembe za ndovu na, kwa aibu yetu sote, watumwa. Filamu inatupa Livingstone anayewaongoza wanakijiji kuimba wimbo wa kanisa wa Kiingereza, nikabaki kujiuliza wazee wetu wa Ujiji wangesema nini wangeonyeshwa. Zaidi ya hayo, Stanley anatolewa mwishoni kama mtu aliyeongoka na kuamua kuiendeleza kazi ya mzee, wakati tunajua kwamba baadaye alikwenda kumfanyia kazi Mfalme Leopold kule Kongo. Kabla hata ya kufika Ujiji alikuwa amejiingiza Tabora katika vita dhidi ya Mirambo, jambo ambalo peke yake lingetosha kuwa filamu. Na mtu wa kwanza kumlaki alipokaribia mji alikuwa Susi, yule yule ambaye, pamoja na Chuma na wenzao, aliubeba mwili wa Livingstone kutoka Zambia ya leo, kupitia Tabora, mpaka pwani. Mtu wa namna hiyo ukimweka pembeni kama mtumishi wa kufungua mlango, basi hujui hadithi iko wapi.

Mountains of the Moon ya mwaka 1990 ina akili zaidi, ingawa nayo ilipigwa Kenya. Inawahusu Burton na Speke, wavumbuzi Waingereza waliofika kwetu Februari 1858, mmoja hawezi kutembea na mwingine karibu haoni. Onyesho la mbawakawa kuingia sikioni mwa Speke, naye akajichokonoa kwa kisu, nililitazama kupitia vidole. Angalau Sidi Mubarak Bombay, Mwafrika aliyeongoza misafara yao, ana sura na sauti humo. Lakini fikiria: Bombay alitembea na Burton na Speke, akaenda tena na Speke na Grant, akamsindikiza Stanley, kisha akavuka bara zima na Cameron. Wazungu walibadilika, yeye akabaki yule yule. Filamu inashughulika na ugomvi wa mabwana wawili juu ya chanzo cha Nile, nami muda wote nilitaka kujua yeye alikuwa akiwaza nini juu yao usiku, kambini.

Nimeiacha Jane mwisho kwa sababu ndiyo iliyonikalisha. Brett Morgen aliitoa mwaka 2017 kutokana na picha ambazo Hugo van Lawick alizipiga Gombe miaka ya 1960. Hapa hakuna ziwa la kukopa. Nilipoona ule ufuko wa kokoto, na kilima kikipanda moja kwa moja kutoka majini, na mwanga ule wa jioni unaotoka upande wa Kongo, nilisimamisha filamu nikawaita watoto. Wao, ambao hupita Kibirizi kila siku na kuona boti zikielekea kaskazini, hawakuamini kwamba ni pale pale. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefariki Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 91, alifika Gombe Julai 1960 akiwa na mama yake na mpishi, kwa kuwa wakoloni hawakukubali msichana akae porini peke yake. Sokwe David Greybeard anachomeka jani la nyasi katika kichuguu, anasubiri, analitoa limejaa mchwa, analipitisha mdomoni taratibu. Anafanya hivyo kwa utulivu wa mtu anayekula miwa barazani. Baadaye anakuja Flo, sokwe mama, na Flint mwanawe mdekezwa, na pale Flo anapokufa na Flint kukataa kula mpaka naye akafa, watoto wangu walinyamaza wote. Muziki wa Philip Glass nilioupenda mwanzoni ulinichosha kidogo pale, kwa kuwa unasisitiza huzuni ambayo picha zilikuwa zimekwisha kuileta zenyewe.

Lakini hata hapa nilikuwa na jina nililolitamani, nalo ni la Hilali Matama, Mtanzania aliyekuwa msaidizi wa utafiti pale Gombe. Januari 1974 ndiye aliyewashuhudia sokwe wa kundi la Kasakela wakimvamia Godi wa kundi la Kahama, tukio lililofungua vita vya sokwe vilivyoishangaza dunia. Mwaka uliofuata waasi kutoka Zaire waliwateka wanafunzi wa kigeni pale Gombe, na tangu hapo ni Watanzania, wengi wao wenyeji wa vijiji vya jirani, walioamka alfajiri kuwafuata sokwe kila siku na kuandika, hata kumbukumbu zisikatike. Najua Morgen alikuwa na picha za van Lawick na akaamua kusimulia mapenzi na ujana wa Jane, na hilo amelifanya vizuri mno. Ila wazee hao waliopanda vilima vile kwa miaka na daftari mkononi wanastahili mpigapicha wao, na wachache waliobaki wanazeeka.

Umeniuliza pia ni ipi ya kumpa yule rafiki yako anayetia sauti ya Kiswahili kwenye filamu za kigeni. Mpe The African Queen, kwa kuwa ugomvi wa Charlie na Rose, hasa pale Rose anapoimwaga jini yote mtoni chupa baada ya chupa, utapata maneno matamu zaidi kwa Kiswahili kuliko yalivyo kwa Kiingereza. Mwambie asiwe na haya kuwasahihisha juu ya Ulanga. Katika Jane aitafsiri sauti ya msimulizi tu, na sokwe awaache walivyo. Ile ya 1939 asiiguse.

Wako mdogo,
Mwanga, Kigoma