Wachau mmeiruka

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Austria iliishia Vienna, kana kwamba nchi nzima ni majumba ya kifalme. Bonde la Wachau je? Kuna njia ya miguu ya kilomita 180 inayozunguka kingo zote mbili za mto Danube, kati ya Krems na Melk. Si lazima kuimaliza. Magoti yangu yangegoma. Nipeni kipande cha Dürnstein hadi Weißenkirchen: mizabibu juu ya matuta, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na mijusi wa kijani wakiota jua nyufani. Kivuko cha Weißenkirchen hushikiliwa na waya na kusukumwa na mkondo wenyewe. Mwandishi wenu ashukie Krems, avae viatu imara.

Msomaji wenu