Samaki wako kavimba tumbo? Kwanza hesabu mikono inayomlisha

Mwezi uliopita, saa nne usiku, mama mmoja wa Mbezi Beach alitutumia picha kwenye WhatsApp, sisi tunaotibu samaki wa kufugwa nyumbani. Kangaja wake, samaki wa baharini anayemfuga kwenye tangi, kavimba tumbo pande zote mbili, utadhani kameza gololi. "Wanangu, nimpe dawa gani?"

Tukamwamkia, kisha tukamuuliza: samaki nyumbani analishwa na nani? Kimya kidogo, halafu ikaja sauti ndefu. Yeye humlisha asubuhi kabla ya kwenda kazini. Dada wa kazi humlisha mchana. Mjukuu akitoka shule humwagia "kidogo tu", maana samaki akimwona anakuja mbele ya kioo na kumtazama kwa huruma. (Samaki wote hutazama hivyo, hata aliyeshiba.)

Vitumbo vingi tunavyoitiwa hapa Dar vinaanzia hapo, si kwenye ugonjwa. Ukitaka kuona mwenyewe, tumbukiza punje 5 za chakula kikavu kwenye glasi ya maji ya tangi, usubiri dakika 10. Zitanyonya maji na kutanuka. Samaki anayezibugia zikiwa kavu, zinamtanukia humo humo tumboni. Ndiyo maana tunawaambia wateja waloweke chakula kwanza.

Kangaja naye ana shida yake ya pekee: ni mla majani. Baharini anashinda akidonoa mwani kwenye miamba, kidogo kidogo, kutwa nzima. Ukimpa kamba na punje za nyama kila siku, utumbo wake unaziba. Chafi ni hivyo hivyo, na wakulima wa mwani wa Zanzibar wanamjua vizuri anavyowatafunia mashamba. Hawa wape mwani mkavu, ule wa karatasi unaouzwa supamaketi kwa ajili ya sushi, usio na mafuta wala viungo. Ubane kwenye kioo, wadonoe wenyewe.

Sasa tumbo limeshavimba, ufanye nini? Mfungishe siku 2 hadi 3. Najua roho inauma, lakini samaki mzima mwenye afya hafi kwa kukosa chakula siku 3. Wengi hupata choo hapo hapo.

Asipopata, tunatumia chumvi ya haluli ya duka la dawa, yaani magnesiamu salfeti. Hapa samaki wa baharini ana bahati kuliko wa maji baridi. Maji ya bahari yana chumvi kuliko damu yake, kwa hiyo mwili wake hupoteza maji muda wote na hana budi kuyanywa. Akiyanywa na haluli imo, inavuta maji kwenye utumbo na choo kinalainika. Chumvi ya mezani haifanyi kazi hiyo, usibahatishe.

Usiimwage kwenye tangi kubwa lenye matumbawe. Samaki mdogo mweke kwenye ndoo ya lita 20 yenye maji ya tangi lake. Mkubwa mtafutie beseni. Kipimo ni kijiko 1 cha mezani kwa lita 20, kiyeyushwe kwanza kwenye kikombe. Pampu ya hewa iwe ya betri, umeme ukikatika usiku usije ukamkuta amekufa asubuhi. Ndoo haina filta, kwa hiyo badilisha nusu ya maji kila siku, na maji mapya yawe na haluli kwa kipimo kile kile.

Lakini kabla ya yote hayo, mtazame kwa juu ukiwa na tochi. Magamba yakisimama kama manyoya ya kuku aliyeloa, hilo si choo kigumu. Maji yamejaa mwilini, mara nyingi kwa bakteria au figo kushindwa, na kumfungisha hakutamponya. Uvimbe wa upande mmoja, au kinyesi cheupe chembamba kama uzi, navyo tupigie simu mapema. Wala usimpe vidonge vya antibiotiki vilivyobaki kabatini.

Bunju (samaki, si kule mwisho wa daladala) usimtoe majini kwa wavu kamwe. Akishtuka anavuta hewa badala ya maji, na kuitoa ni kazi. Mhamishe ndani ya chombo chenye maji.

Ukitaka tuje nyumbani, tutumie kwanza video mbili, moja ya ubavuni na moja ya juu, na utuambie ukweli kuhusu chakula. Hatugombezi mtu.

Kangaja wa Mbezi Beach hakuhitaji hata ndoo. Asubuhi ya tatu tulipokea video: utepe mrefu wa kinyesi unaning'inia nyuma yake, na mtoto anashangilia. Siku hizi pembeni ya tangi pamebandikwa karatasi, na anayelisha anaweka alama ya vema. Kalamu anaishika mjukuu.