Shangazi, hao "Caucasian" ni watu wa wapi?

Shikamoo Shangazi,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza jikoni, nikacheka mpaka chai ikafurika jikoni. Unasema fomu ya hospitali huko Minneapolis ilikutaka uonyeshe asili yako, ukakuta kisanduku cha "Caucasian", ukamuuliza dada wa mapokezi hao ni watu wa wapi, naye akakujibu ni wazungu. "Sasa kama ni wazungu, si waandike wazungu?" Najibu hapa hadharani, maana wanaojaza fomu hizo bila kuuliza ni wengi.

Neno hilo, Shangazi, limeenea kwa sababu ya fuvu moja.

Mwaka 1793 daktari Georg von Asch, aliyekuwa Urusi, alimpelekea profesa Johann Friedrich Blumenbach wa Göttingen, Ujerumani, fuvu la binti wa Georgia. Namaanisha ile nchi ya milima ya Kaukazi, si jimbo la huko kwenu. Binti huyo alitekwa vitani, akapelekwa Moscow, akafia huko, na maiti yake ikapasuliwa kwa ajili ya masomo. Blumenbach alikuwa na mafuvu mengi kabatini, ila hili lilimteka macho. Alipotoa upya kitabu chake mwaka 1795, aliwagawa binadamu mafungu matano, na fungu la Wazungu na majirani zao akalipa jina la milima ile, kwa maelezo kwamba huko ndiko wanakotoka watu wazuri kuliko wote. Kwenye mchoro wake mafuvu matano yamepangwa mstari mmoja, la binti likiwa katikati. Sisi tumo kwenye fuvu la "Mwethiopia", huko pembeni.

Yaani kisanduku ulichokiona kimebeba jicho la profesa mmoja lililopendezwa.

Simlaumu sana. Huyo huyo aliandika kwamba binadamu wote ni jamii moja, na kwamba mafungu yanaingiliana kiasi kwamba huwezi kuchora mpaka. Alikusanya hata vitabu vya waandishi Waafrika, mashairi ya Phillis Wheatley yakiwemo. Mistari yake aliichora kwa chaki. Waliomfuata wakaimwagia zege.

Aliyemtangulia, Carl Linnaeus wa Sweden, mtaalamu wa mimea na wanyama, hakuwa na hadhari hiyo. Mwaka 1735 alitugawa mafungu manne kwa mabara na rangi. Kufikia 1758 ameshaongeza na tabia: Mzungu anaongozwa na sheria, Mwafrika ni mvivu, mjanja, anajipaka mafuta, anaongozwa na matakwa yake tu. Kujipaka mafuta, Shangazi! Wewe uliyekuwa ukiturudisha kutoka mlangoni tukapake magoti! Na Mwasia, ambaye mwaka 1735 alikuwa wa rangi ya kahawia, katika toleo hilo amegeuka wa njano. Linnaeus mwenyewe hakuwahi kukanyaga Afrika. Angetaka kumwona Mwafrika msomi asingesafiri mbali: mwaka 1734 Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa Axim katika Ghana ya leo, alipata udaktari wa falsafa Wittenberg, kisha akafundisha Halle na Jena.

Karne iliyofuata wakaja watu wa vipimo. Samuel Morton wa Philadelphia alijaza mafuvu mbegu, baadaye risasi ndogo ndogo, ili ajue yanabeba kiasi gani. Anders Retzius wa Sweden akaleta hesabu rahisi ya kupanga vichwa kwa umbo: upana wa kichwa, gawanya kwa urefu, zidisha kwa mia.

Hesabu hiyo ilifika mpaka Iringa. Gavana Twining wa Tanganyika alipoenda kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani, kutafuta kichwa cha Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alikuta mafuvu 2,000, na 84 kati yake yalitoka huku kwetu. Akayachuja kwa upana na urefu, akilinganisha na vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Lililochaguliwa likarudishwa Kalenga mwaka 1954. Hesabu ya kutupanga kwenye makabati ndiyo iliyotumika kumtoa mtu kabatini, na mpaka leo sijui nicheke au ninune.

Mengine bado yako huko. Berlin peke yake ina mafuvu kama 1,100 ya Afrika Mashariki, mengi ya Rwanda, yaliyokusanywa enzi za Wajerumani. Mwaka 2023 walilinganisha vinasaba vya baadhi yake na vya familia za Kilimanjaro, na ndugu wakapatikana. Fuvu moja lilikuwa limeandikwa "Akida". Alikuwa mshauri wa Mangi Meli, yule mtawala wa Wachagga aliyenyongwa na Wajerumani Old Moshi mwaka 1900. Kumbe muda wote huo ameandikwa jina, yuko kwenye rafu, na wajukuu zake wako hapo mgombani wanapalilia.

Hukumalizia, Shangazi: mwishowe uliweka alama wapi? Mama anashikilia kwamba uliviruka visanduku vyote ukaandika pembeni "Mchagga, Old Moshi". Mimi nimebisha, tumewekeana soda.