Watoto wa bweni waachwe walale

Mhariri,

Muhula uliopita niliitwa katika shule ya bweni anakosoma mwanangu wa kidato cha tatu, nikaonyeshwa daftari la nidhamu: alikuwa amesinzia darasani mara nne, na mara ya mwisho akamjibu kwa ukali mwalimu aliyemwamsha. Nilimkemea papo hapo mbele ya walimu. Alipokuja nyumbani kwa likizo fupi, nilimkuta alfajiri amelala chali juu ya blanketi akiwa na sare na soksi, viatu vimepangwa tayari chini ya kitanda. Aliniambia kuwa ndivyo walalavyo wengi bwenini, kwani prepu, yaani masomo ya kujisomea ya usiku, huisha saa 4:30, kengele hulia saa 10:00 alfajiri, na anayechelewa kwa sababu ya kuvaa hupigishwa magoti nje ya darasa. Hizo ni saa tano na nusu tu, hata kabla ya kutoa muda wa kuoga.

Madaktari wa usingizi nchini Marekani walipendekeza mwaka 2016 kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Katika umri wa kubalehe, melatonini, homoni inayoleta usingizi, huchelewa kutoka, kwa hiyo kijana huchelewa kupata usingizi hata akilazwa mapema, na kumwamsha saa kumi ni kumkatiza usingizi ungali mzito. Akikosa usingizi siku baada ya siku, sehemu ya ubongo inayotuliza hasira hulegea, na neno dogo la mwalimu humfikia kama tusi. Sisemi kwamba kila utundu unatokana na usingizi, lakini nasikitika kwamba nilimkemea mwanangu kabla ya kumuuliza.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba sheria ipo. Kanuni za Elimu ya Msingi za Kenya za mwaka 2015, ambazo zinahusu pia sekondari, zinasema prepu ikome saa 3:30 usiku, wanafunzi walale hadi saa 12:00 asubuhi, na masomo yaanze saa 2:00. Kwingineko wamechelewesha masomo hata zaidi: jiji la Seattle nchini Marekani liliposogeza mbele saa ya kuanza masomo ya sekondari mwaka 2016, kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45 asubuhi, watafiti waligundua kuwa wanafunzi walilala dakika 34 zaidi kila usiku.

Najua walimu wakuu wanasukumwa na wastani wa KCSE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne, na sisi wazazi tumechangia, maana wengi wetu huisifu shule kwa kuwa taa zake huwaka usiku kucha. Hata hivyo, naiomba Wizara ya Elimu iwatume maafisa wa ubora na viwango mabwenini saa kumi alfajiri, si saa nne asubuhi baada ya chai, na kabla mwanafunzi hajasimamishwa masomo, bodi ya shule iulize kwanza alilala saa ngapi na kuamshwa saa ngapi.

Mzazi,
Nakuru