"Yaishe, kaka": somo tunaloanza nalo kwenye klabu yetu ya judo

Swali linaloongoza kwenye WhatsApp ya klabu si bei wala ratiba ya mazoezi. Ni hili: "Mwalimu, miezi mingapi mpaka niweze kumdunda mtu aliyenizidi mwili?" Zamani nilikuwa najibu kwa namba. Siku hizi nauliza: "Unamzungumzia nani?" Kimya kidogo, halafu jina linatoka. Mpangaji mwenzake anayefungulia muziki usiku wa manane. Shemeji. Jamaa wa kijiweni anayempigia mikwara kila akipita na mchumba wake.

Ukiwa na mtu wa kumdunda kichwani, kwa sasa hatukuandikishi. Njoo hilo jambo likishapoa. Najua tunajinyima ada, na kodi ya ukumbi hapa Dar es Salaam haingoji mtu, lakini sababu ninayo.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, mkanda wa kijani kiunoni na kichwa kimevimba. Pale Buguruni konda mmoja alininyima chenji ya shilingi mia mbili. Nikaidai, akanitukania mama mbele ya abiria, akanikunja shati. Nikampiga mtama mmoja safi kabisa, wa kuonyeshea wanafunzi. Juu ya mkeka yule kijana angeinuka anacheka. Chini yetu siku ile kulikuwa na zege. Kisogo chake kilitoa mlio ambao bado naukumbuka kila nikifundisha mtama, na hakuinuka.

Sikupata hata muda wa kumwinamia. Nyuma yangu mtu akapaza sauti: "Mwizi!" Mnaoishi jiji hili mnajua neno hilo linavyofanya kazi. Hakuna anayeuliza kaiba nini. Wanaona mmoja kalala, mwingine kasimama anahema, kesi imeisha. Magazeti huwaita wananchi wenye hasira kali. Mimi niliwaona kwa karibu, na wengine wala hawakuwa na hasira, walikuwa wapita njia tu waliookota jiwe. Judo yangu yote haikunisaidia kitu. Aliyeniokoa ni mama ntilie niliyekuwa nakula kwake kwa mkopo, alijipenyeza katikati na mwiko wake mkononi: "Huyu namdai mimi! Si mwizi!"

Konda alizinduka, Mungu mkubwa. Yeye alipewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, akapelekwa hospitali, mimi nikalala kituoni, na matibabu yake nikayalipa kidogokidogo kwa miezi mitatu. Kwa mia mbili.

Ndiyo maana mtu akiniambia anataka kushinda ugomvi wa mtaani, huwa simwelewi vizuri. Ukirusha ngumi ikakutana na fuvu, mara nyingi kinachovunjika ni mkono wako, hasa ule mfupa wa kiganja unaobeba kidole kidogo. Ukimpiga mdomoni, jino likakuchana kwenye kifundo cha kidole, utafunga kitambaa uendelee na kazi. Usifanye hivyo: kidonda cha jino la mtu ni cha kwenda nacho hospitali siku hiyohiyo, maana vijidudu vya mdomoni vikishaingia kwenye kiungo vinaweza kukuharibia kidole. Na anayekufa kwenye ugomvi wa ngumi mara nyingi hauawi na ngumi yenyewe. Anaanguka bila kujizuia, kichwa kinagonga ukingo wa barabara.

Halafu kuna sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inakupa haki ya kujilinda wewe, mwenzako na mali yako, hilo liko kifungu cha 18A. Wengi hutamba na hicho, lakini kinachofuata, 18B, hawakisomi. Kinasema utumie nguvu ya kiasi, ile tu inayohitajika kwa kujilinda. Mtu amekupiga kofi, kageuka anaondoka, wewe ukamkimbilia: hapo hujilindi tena, unalipiza. Na shambulio la kudhuru mwili linaweza kukufunga hadi miaka mitano, uwe na mkanda mweusi au huna.

Sasa tunafundisha nini, kama si kupiga watu?

Mwezi wa kwanza, kuanguka. Wanafunzi wapya hukata tamaa hapa, wanasema hawakulipa ada ili waangushwe. Kidevu kinaingia kifuani ili kisogo kisiguse chini, mgongo unapinda kama kibuyu, mkono wote unapiga mkeka ili kishindo kigawanyike. Mara mia, kulia na kushoto. Ni ujuzi ambao utautumia maishani kuliko mwingine wote ninaoufundisha. Mwanafunzi wetu mmoja, fundi umeme, aliteleza na bodaboda kwenye mvua, akaja darasani wiki ile na mchubuko wa kiwiko tu. Alisema hata hakufikiri, kidevu kiliingia chenyewe.

Baada ya hapo tunaingia kwenye kujinasua. Mtu akikushika mkono, udhaifu wa mshiko uko pale kidole gumba kinapokutana na vingine. Unageuza mkono wako utokee hapo, kwa mwili mzima, si kwa nguvu ya bega. Roba ya mbao ndiyo tunayoichukulia kwa uzito zaidi, kwa sababu vibaka wanaipenda na kwa sababu muda ni mfupi mno: kabali iliyokaa sawasawa inamzimisha mtu kwa takriban sekunde kumi. Kwa hiyo hatufundishi kwanza kupiga teke wala kiwiko. Mikono yote miwili inavuta mkono wake chini, kidevu kinazama, unageukia upande wa kiwiko chake. Ukipata pumzi tu, tayari umepata nusu ya kazi. Nusu nyingine ni miguu yako na mwelekeo wenye taa na watu.

Mkoba ukiporwa na watu wa pikipiki, achia. Dada zangu nawasihi sana hapa. Mkanda wa mkoba ukiwa umepita shingoni na kifuani, pikipiki haichukui mkoba peke yake, inakuburuza na wewe. Ubebe upande wa mbali na barabara, mwepesi, na simu isiwe ndani yake. Kuhusu panga, watu huja na maswali ya sinema. Jibu letu kwa mwenye panga ni mbio, na kama hakuna pa kukimbilia, mpe anachotaka.

Kuna zoezi moja wageni huliona la kuchekesha. Wanafunzi wawili wanasimama kama wako kituo cha daladala, mmoja anamtukana mwenzake kwa matusi yote ayajuayo (watoto hawapo darasani), na kazi ya anayetukanwa ni kutoka salama. Mikono juu kidogo usawa wa kifua, viganja wazi, umbali wa mkono mmoja na hatua. Sauti ya kawaida. "Yaishe, kaka. Nimekosa mimi." Halafu hatua za kurudi nyuma, macho yakiwa mbele. Viganja vile vinaonekana kama vinaomba radhi, lakini viko tayari kulinda kichwa. Vijana wa kiume wanateseka kwenye zoezi hili kuliko kwenye kuangushwa. Kusema "nimekosa mimi" mbele ya watu, wakati hujakosa, kuna wasioweza bila kung'ata meno mpaka mwezi wa nne.

Wanaouliza wachague judo au karate, sina ugomvi na jirani zetu wa karate. Gichin Funakoshi, aliyeipeleka karate Tokyo kutoka Okinawa mwaka 1922, aliwaachia wanafunzi wake kanuni kwamba katika karate hakuna kuanza kushambulia. Tofauti kubwa ni mazoezi. Jigoro Kano alipoanzisha judo mwaka 1882, naye akiwa mtu wa umbo dogo, aliziondoa kwenye mapambano ya mazoezi zile mbinu za kuumiza, ili watu waweze kushindana kwa nguvu zao zote bila kujeruhiana. Kwa hiyo kila wiki hapa unakamatwa kwelikweli na mtu asiyetaka kukuachia. Hofu ya kushikwa inapungua, na nimeona kwa macho yangu kwamba aliyezoea kushikwa hana haraka ya kupigana.

Tuna sharti moja. Mwanafunzi akizichapa mtaani, anakaa nje ya mkeka mwezi mzima, halafu anatusimulia wote ilivyoanza, tangu neno la kwanza. Aliyekuwa anajilinda kweli haadhibiwi, lakini naye anasimulia.

Darasa la watu wazima ni Jumanne na Alhamisi saa kumi na mbili jioni. La kina mama ni Jumamosi saa mbili asubuhi, watoto saa nne. Ada ni shilingi 40,000 kwa mwezi, siku ya kwanza ni bure. Si lazima uje na nguo ya judo, njoo na suruali isiyo na zipu wala vifungo na fulana ambayo huoni uchungu ikichanika. Saa, pete na hereni viache nyumbani. Kucha ukate, za mikono na za miguu. Tunazikagua mlangoni, na mkasi upo.