Laki na themanini ya kufunga hedi inalipia nini

Wiki iliyopita kaka mmoja mwenye Probox aliondoka kwetu amenuna. Hedi, kile kifuniko kikubwa cha juu ya injini, alishachongesha kwingine, bolti mpya kanunua Kariakoo, alitaka tufunge tu. Nilipomtajia laki na themanini ya ufundi akasema, "Fundi, kukaza bolti kumi? Wenzio elfu sitini, saa moja wamemaliza." Si wa kwanza kuniambia hivyo mwaka huu.

Injini ya 1NZ, hiyo ya Probox, Vitz na IST, kitabu cha Toyota kinataka bolti za hedi zikazwe niutoni mita 29 (kipimo cha nguvu ya kukaza), kisha zizungushwe digrii 90, kisha 90 tena. Mafundi wengi wanayo kichwani. Lakini hiyo ni hesabu ya bolti ya Toyota. Ile mizunguko miwili inaivuta bolti irefuke kidogo, na kule kutaka kurudi kwake ndiko kunakoibana hedi. Bolti ya kiwanda kingine ni chuma kingine. Studi (bolti zisizo na kichwa, zinazokazwa kwa nati) za kampuni ya ARP ya Marekani, kwa mfano, huja na karatasi yake ya maelekezo na grisi yake, na kwa kawaida hukazwa kwa hatua tatu zinazolingana mpaka namba ya kwenye karatasi.

Grisi hiyo msiitupe. Nguvu unayoweka kwenye spana, karibu asilimia 90 inaliwa na msuguano, chini ya kichwa cha bolti na kwenye nyuzi. Kilichobaki ndicho kinachobana hedi. Ukipaka mafuta mengine badala ya grisi hiyo umebadili mbano, hata kama spana ya toki, ile inayolia ikifika namba uliyoiweka, imelia pale pale.

Tuliletewa Chaser ya kijana aliyejifungia studi mwenyewe nyumbani. Karatasi ilisema 80, akaweka spana 80. Karatasi ilihesabu kwa futi-pauni, spana yake kwa niutoni mita, na 80 ile ni 108 ya spana yake. Hedi ikafungwa kwa pungufu ya zaidi ya robo. Wiki tatu gari likaanza kula maji na kutoa moshi mweupe. Akalipia gasketi ya pili na kuchonga hedi mara ya pili.

Halafu kukaza kwenyewe si ndiko kunakokula muda. Muda unaliwa na matundu ya bloku, yaani mwili wa injini ambamo bolti zinaingia. Maji au oili ikibaki chini ya tundu haina pa kwenda; spana inalia mapema, hedi haijabanwa, au bloku inapasuka. Hiace moja ilifika kwetu na ufa wa namna hiyo. Mwenyewe aliishia kununua injini ya mtumba.

Wengine husema fundi mzoefu anakaza kwa mkono. Mkono wangu una miaka 19 kwenye kazi hii na siuamini kwenye hedi. Spana yetu inapelekwa kupimwa kila mwaka, jioni inarudishwa namba ya chini kabisa, na hailegezei nati hata siku moja.

Bolti za yule kaka zilikuwa kwenye mfuko wa nailoni, hazina chapa wala karatasi. Kwa hizo nisingefunga hata angelipa mara mbili, kwa sababu sina namba ya kuzikazia. Akija na za Toyota, au zozote zenye karatasi yake, bei ni ile ile: matundu kumi yamesafishwa na kukaushwa, kukaza kunaanzia katikati kwenda nje, na kila kichwa cha bolti kina alama ya rangi ahakikishe mwenyewe digrii zake kabla hatujarudisha kava.